Skejula ya EEVDF kwenye Linux: viini vyote vya prosesa vimejaa na mashine bado inaitika

Hii ni kwa wale wanaokompaili programu kubwa (kugeuza msimbo kuwa programu inayoweza kuendeshwa) huku wanataka brauza iendelee kufunguka bila kugandaganda. EEVDF (Earliest Eligible Virtual Deadline First) ni skejula, yaani sehemu ya keneli, moyo wa Linux, inayoamua programu ipi ipate zamu ya kutumia prosesa. Iliingia Linux 6.6 mwaka 2023, kazi ya Peter Zijlstra, ikachukua nafasi ya skejula ya CFS (Completely Fair Scheduler) iliyokuwepo tangu 2.6.23 ya mwaka 2007, na mi naona kwenye keneli nzima hili ndo badiliko ambalo mtumiaji wa kawaida analihisi.

CFS ilikuwa inaangalia nani ametumia muda kidogo kuliko wenzake ndo inampa zamu. Haki ipo, lakini programu inayotaka muda mfupi sana ila iupate sasa hivi haikuwa na njia nzuri ya kulisema hilo. EEVDF inaangalia kwanza nani bado anadai muda wake, alafu kati ya hao inamchukua mwenye dedilaini ya karibu, na anayeomba vipande vifupi vya muda dedilaini yake inafika mapema, kwahiyo sauti ya muziki, kwa mfano, haikatiki kirahisi hata kazi nzito ikiwa imejaa kila mahali. Wazo lenyewe ni la 1995, limesubiri miaka yote hiyo.

Ila kuna kitu watu wanachanganya sana: EEVDF inachagua nani apite ndani ya kiini kimoja tu. Kila kiini kina foleni yake, na ni vizuri hivyo, maana ile foleni moja ya wote ya enzi za Linux 2.4 ilifanya viini vigombanie kufuli moja (linaloruhusu kiini kimoja tu kugusa foleni kwa wakati). Kuhamisha kazi toka foleni hii kwenda ile ni shughuli ya msawazisha mzigo, na huyu kwa kweli nampa maksi nyingi kuliko EEVDF yenyewe. Kiini kikiishiwa kazi, kabla hakijalala kinatafuta jirani aliyezidiwa kinamvutia kazi, tena kinaanza na wale wanaotumia nao kashe moja (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa), kwasababu kazi ikienda mbali inaacha data yake kwenye kashe ya kule ilikotoka, inabidi isome upya toka memori, na huo muda unaumiza. Ndo maana nawaomba jamani acheni kufunga programu kwenye viini kwa taskset (amri ya kulazimisha programu itumie viini fulani tu) bila sababu ya maana, foleni moja inajaa huku viini vingine vimekaa bure na keneli haina ruhusa ya kukusaidia.

Pale ambapo bado sijaridhika ni kwenye prosesa zenye viini vya kasi na vya kubana umeme pamoja. Kazi iliyogawanywa sawasawa, kipande kimoja kikiangukia kiini cha polepole, vingine vyote vinamaliza vinakisubiri.

Na usitegemee miujiza, programu ya uzi mmoja (inayofanya hatua moja baada ya nyingine) itatumia kiini kimoja tu kwa wakati hata uwe navyo 64. Hesabu ya mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl ya 1967 haijabadilika, kama asilimia 10 ya kazi haigawanyiki basi hata viini visivyo na mwisho havikupi kasi zaidi ya mara 10.

Mwenye Linux 6.12 kwenda juu ajaribu na sched_ext, unapakia skejula nyingine mashine ikiwa inatembea, na ikiziacha kazi bila zamu muda mrefu keneli inaitoa yenyewe inarudi kwenye EEVDF.