Behringer UM2 au UMC202HD kwa Kunasa Sauti Safi

Anayetafuta kadi ya sauti ya nje, yaani kifaa cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta, kwa bei nafuu hukutana na hizi mbili za kampuni ya Behringer, zote za kuchomekwa kwa USB. UM2 hunasa kwa biti 16 (kipimo cha usahihi wa kila sampuli ya sauti) na kilohezi 48 (sampuli 48,000 kwa sekunde), kiwango kinachotosha mahojiano, mradi mzungumzaji asogee karibu na maikrofoni. UMC202HD hufika biti 24 na kilohezi 192. Kilohezi hizo sizihitaji, bali biti nane za ziada ndizo zenye thamani, kwa kuwa humwezesha mtu kurekodi kwa kiwango cha chini, taa nyekundu ya kuonya kuwa sauti imezidi kipimo isiwake pale mghani anapopaza sauti ghafla, kisha akaiongeza sauti hiyo baadaye pasipo mvumo mwingi. Tena ina matundu mawili ya maikrofoni, ilhali UM2 ina moja tu. Kwa kurekodi utenzi, ningedunduliza fedha nikanunua UMC202HD.