Uzoefu wangu: kutoa harufu ya sigara kwenye IST niliyoinunua mkononi, hapa Tanga

Niseme mapema ili mwenye haraka asisumbuke: harufu imetoka, karibu yote, na aliyeitoa si mwenye mashine ya ozoni, ile gesi ya kuua harufu. Ni kijana wa Sahare mwenye ndoo, brashi na mashine ya kunyonya vumbi, akifuatiwa na fundi AC mmoja wa Ngamiani. Mwenye ozoni ndiye aliyekula hela yangu kwanza. Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili nilikuta matangazo ya pafyumu za gari tu, na pafyumu ndiyo kitu cha mwisho unachokihitaji.

Gari ni Toyota IST, lile toleo la kwanza. Injini nzima, bodi haijaguswa rangi, gia zinaingia bila kushtuka. Aliyeniuzia alikuwa mvutaji wa kuwasha hii kwa ile, na hakuficha. Kisahani cha majivu kilikuwa kimejaa siku naenda kuliangalia. Nilimkata bei kwa ajili hiyo hiyo, tukaelewana. Mimi mwenyewe ningevumilia. Ila mwanangu wa pili ana pumu, tunakaa Pongwe, shule iko mjini, na masika vioo havifunguki. Mtoto akishuka garini anakohoa mpaka getini.

Sasa hiyo huduma ya kwanza. Ni sehemu ya kuoshea magari, jina naliacha. Wana mashine ya ozoni, kiboksi chenye feni, wanakiweka sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, wanafunga milango. Bei 50,000. Kijana wa mapokezi akaniambia, "Dada, ukija kulichukua utadhani limetoka Japani leo." Nikajisemea moyoni kwamba hata Japani wanavuta, ila nikalipa. Nilipolichukua lilikuwa na ile harufu kali ya hewa baada ya radi, na sigara sikuisikia kabisa. Haikupita muda, jua la kaskazi likalikuta limeegeshwa nje ya kazini. Nafungua mlango saa nane mchana, sigara ile ile, imekaa kiti cha mbele inanisubiri. Niliporudi kulalamika wakaniambia turudie kwa nusu bei. Sikurudia.

Si kwamba ozoni ni utapeli. Ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili, haitulii, ikikutana na chembe za harufu inazivunja. Kosa lao ni kuipiga juu ya uchafu. Moshi wa sigara hauondoki na upepo ukifungua dirisha. Una kemikali zaidi ya 7,000, na sehemu yake ni lami na nikotini zinazoganda kwenye kitambaa, plastiki, kioo na mabomba ya AC, tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka. Ozoni inashughulikia sehemu ya juu tu. Tabaka la chini likipata joto linaanza tena kutoa harufu, na joto la Tanga pamoja na unyevu wa bahari ndiyo mazingira yanayolifaa. Ndiyo maana gari linaweza kukaa vizuri usiku likanuka mchana.

Na hili la mtoto mwenye pumu si wasiwasi wa mama tu. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley kule California walionyesha kwamba nikotini iliyobaki kwenye nyuso za vitu huungana na asidi ya naitrasi iliyomo hewani na kutengeneza kemikali zinazosababisha saratani. Walizipima pia ndani ya gari la mvutaji, wakazikuta. Kwa hiyo hata pua ikishazoea, kitu bado kipo, na mtoto anakishika kwa mikono akishika kiti.

Kijana wa Sahare nilielekezwa na dereva wa bajaji. Hana ofisi, ana uwanja wenye mwembe na bomba la maji. Alichofanya kwanza ndicho kilichonifanya nimwamini. Alichukua tambara jeupe, akalilowesha maji ya uvuguvugu yenye siki nyeupe, akapitisha mara moja kwenye kioo cha mbele kwa ndani, kile kioo nilichokuwa nakiona kisafi. Tambara likatoka na rangi ya chai ya rangi. Akanionyesha bila kusema, akaligeuza, akapitisha tena pale pale, bado likatoka na rangi. "Hiki ni kioo, dada, hakinywi kitu," akasema. "Dari je?"

Siki ina sababu yake, si mambo ya jikoni tu. Nikotini ina tabia ya alikali, asidi huigeuza chumvi inayoyeyuka kwenye maji, ndiyo maana siki inaibandua kuliko maji matupu. Nilimuuliza kama siki ya mnazi ya nyumbani ingefaa, akacheka. Ile ina rangi na utamu wake, itakuachia doa na sisimizi. Nyeupe ya dukani, kikombe kimoja kwa vikombe kadhaa vya maji, na harufu yake inakauka yenyewe.

Viti alivitoa vyote nje. Kabla ya hapo alichomoa waya wa betri akasubiri kidogo, kwa sababu chini ya viti kuna plagi za mikanda na za eabegi (mifuko ya hewa ya ajali), ukizichezea umeme ukiwepo taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi na hapo unahitaji fundi wa kompyuta. Bolti zenyewe ni spana namba 14. Chini ya kiti cha dereva tulikuta vichungi vya sigara, njiti za kiberiti, risiti za mafuta na jivu lililoshikana na kapeti kama saruji. Hilo jivu hakuna ozoni wala dawa ya kupuliza ingelifikia.

Mikanda ndiyo sehemu ambayo nadhani watu wengi wanaisahau. Unakaa nayo kifuani, karibu kabisa na pua. Aliivuta yote mpaka mwisho, akaibana na koleo la nguo isijirudishe, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto na sabuni ya unga, akaisugua kwa brashi laini. Maji yakawa meusi. Akamwaga, akarudia, mpaka maji yakabaki na rangi ya sabuni. Kisha ikakaa nje bila kurudishwa mpaka ikakauka kabisa, maana ukiirudisha mbichi inaota ukungu ndani ya kasha lake na utakuwa umebadilisha harufu moja kwa nyingine.

Dari alilifanya peke yake kwa utulivu, hakutaka msaidizi aguse. Kitambaa cha dari kimegundishwa juu ya sponji nyembamba. Ukikilowesha au ukikisugua kwa nguvu gundi inaachia, dari linaning'inia kichwani kwako. Alitumia povu tu, si maji, kwa tambara, akipapasa upande mmoja kipande kwa kipande. Juu ya kiti cha dereva kulikuwa na duara la njano nililodhani ni rangi ya uzee. Alipokishusha kile kizuia jua, chini yake kitambaa kilikuwa kijivu cheupe. Hapo ndipo unapojua rangi halisi ya gari lako.

Vitu vidogo sitavieleza sana: plastiki zote kwa siki na mswaki, kapeti likanyonywa, likaoshwa, likaanikwa. Jua la Tanga hapa linakuwa upande wako. Viti vilikaa juani mpaka ndani kukakauka, milango wazi. Yeye alitaka 120,000 kwa kazi yote, tukamalizana kwa 100,000. Akili yangu inaniambia alistahili ile ya kwanza.

Baada ya hapo gari lilinuka sabuni, lakini nikiwasha AC, dakika za mwanzo, sigara inapuliza usoni. Hii niliitarajia, kijana alishaniambia: "Mimi kazi yangu inaishia kwenye matundu, ndani ya matundu ni kwa fundi AC."

Fundi wa Ngamiani alifungua droo ya dashibodi upande wa abiria, akaibana pembeni, akaiachia ining'inie. Kwenye Toyota nyingi filta ya hewa ya ndani inakaa hapo nyuma, unaitoa kwa mkono. Ya kwangu ilikuwa nyeusi, ina majani makavu, na ukiikaribisha puani unarudi nyuma. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote na ya bei ndogo, mimi nililipa 20,000 kwa filta mpya, na ningeshauri yeyote aianze hata kabla ya kuosha, kisha abadilishe tena baada ya kuosha. Ukikuta hapana filta kabisa usishangae, magari mengine yanaendeshwa hivyo, na maana yake moshi na vumbi vimekuwa vikienda moja kwa moja kwenye evaporeta.

Evaporeta ni ile rediata ndogo ya ubaridi ndani ya dashibodi. Ikifanya kazi inalowa, na kitu kilicholowa hunasa lami ya sigara na vumbi. Fundi alipuliza povu la kusafishia kupitia pale filta ilipokaa, akaacha lifanye kazi, kisha akaniita niangalie chini ya gari, kwenye kibomba cha kutolea maji ya AC. Yalitoka matone ya kahawia, mazito, yakaendelea mpaka yakawa meupe. Gharama ikawa 45,000 pamoja na kazi. Alikataa kufungua dashibodi nzima, akasema haina haja, na mimi nampenda fundi anayekataa kazi.

Siku hizo hizo shangazi alikuja na chetezo. Kwa shangazi, harufu yoyote duniani dawa yake ni udi. Sikumkatalia, ni mtu mzima, akafukiza gari milango imefungwa. Kwa siku kadhaa tulikuwa tunatoka garini tunanukia harusi. Lakini ule nao ni moshi, na moshi unaganda kama mwingine. Kwa mtoto wa pumu ndiyo kabisa. Nilimwomba ule udi wa garini tuhamishie sebuleni, akakubali kwa shingo upande.

Kilichosaidia kumalizia ni bekingi soda, ile ya kutilia keki. Bekingi pauda si yenyewe, imechanganywa na asidi na wanga, itakuachia ukoko. Unanyunyiza kwenye viti na kapeti vikiwa vikavu, unaiacha usiku kucha, asubuhi unainyonya kwa mashine. Mkaa wa kawaida kwenye kikapu chini ya kiti niliuweka pia, sikuona tofauti kubwa. Mkaa ulioandaliwa maalumu una matundu mengi zaidi ya kunasa harufu, huu wa kupikia hauna nguvu hiyo.

Mwishoni kabisa, gari likiwa safi, nilirudi kwenye ozoni, kwa mtu mwingine, 40,000. Safari hii ilishika. Aliwasha AC kwenye kuzungusha hewa ya ndani ili ipite mabombani, hakuna mtu ndani, kisha milango ikaachwa wazi masaa kadhaa. Hili la mwisho msilipuuze. Ozoni inaumiza mapafu, na kiwango kinachotosha kuua harufu si kiwango cha mtu kuvuta. Mashine ikiwa inafanya kazi, mtu wala mnyama asiwemo, na mwenye pumu asipande siku hiyo. Ukiirudia rudia pia inachakaza mipira ya milango.

Alama zangu basi. Kijana wa Sahare 5 kati ya 5. Fundi AC 4, kazi safi ila alinisubirisha mchana mzima akimalizia Noah ya mtu. Ozoni ya kwanza 1, ya pili 4. Jumla, ukitoa ile 50,000 iliyopotea, ni 205,000, pungufu ya nilichomkata mwenye gari.

Kwa anayetaka kununua: liache gari juani vioo vimefungwa, kisha uingie uvute pumzi kabla ya mtu hajawasha AC. Nenda na tambara lako jeupe lenye maji, pitisha kioo kwa ndani. Shusha kizuia jua ulinganishe rangi ya dari. Ukikuta pafyumu tatu zinaning'inia kwenye kioo, uliza kwa nini.

Kwa sasa bado nasikia kidogo sana mvua ikinyesha, upande wa nyuma kulia, nadhani ni ndani ya kasha la mkanda. Nimeagiza filta yenye mkaa kutoka Dar, inakuja na basi la kesho.