Fyuzi nzima, waya umeungua

Nilifungiwa amplifaya na sabufa katika duka moja la komuni ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, na kwa wiki kadhaa nililisifu duka hilo kwa kila aliyepanda gari langu. Besi ya rumba ilitoka nzito na safi, na nyaya zote zilifichwa chini ya zulia kwa ustadi.

Fyuzi ya kwanza, ya ampea 40, ilikatika kila nilipopandisha sauti, nami nikarudi kumwambia fundi aniwekee isiyokatika. Kauli hiyo naijutia, ingawa mimi ni mteja tu na fundi ni yeye. Hakuuliza amplifaya inavuta umeme kiasi gani wala hakutazama unene wa waya. Alitoa fyuzi ya ampea 150 kwenye kopo la misumari, akaifunga, akasema kwamba fyuzi kubwa ndiyo inayoleta nguvu.

Fyuzi haileti nguvu yoyote. Amplifaya yangu ina fyuzi zake mbili za ampea 30, yaani kikomo chake ni 60, na waya niliowekewa, wa milimita 8 za mraba, nao hauwezi kubeba zaidi ya hapo. Fyuzi ya karibu na betri ipo kwa ajili ya waya: inapaswa kukatika kabla waya haujashika moto.

Jioni moja, mvua zikiwa bado hazijaanza, nilikuwa natoka Kamalondo na watoto wa dada yangu wakiwa kiti cha nyuma, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Waya ule uliofichwa kwa ustadi ulikuwa umebanwa na reli ya kiti changu hadi ganda likachubuka, ukawa unagusa bati kwa kuparaza, na umeme uliopita ulitosha kuuchoma waya lakini haukutosha kukata fyuzi ya 150. Niliwashusha watoto, nikafungua boneti, nikaondoa waya wa betri kwa spana niliyoazimwa na dereva wa teksi, huku moshi ukitoka chini ya zulia.

Nilirudi dukani na kipande cha waya mweusi mkononi, pamoja na fyuzi yao. Fundi aliigeuza fyuzi kwenye mwanga.

«Papa, hii ni nzima. Unalalamikia nini?»

Wenzake wakacheka. Mwenye duka hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Alisema tu kwamba kitu kilichotumika hakirudishwi, kana kwamba nilikwenda kudai bei ya fyuzi na si kueleza jinsi watoto walivyonusurika.

Fundi mwingine, mzee mmoja wa Katuba asiye na kibao wala duka, alinivutia waya wa milimita 21 za mraba, akaweka fyuzi ya ampea 60 shubiri moja tu kutoka kwenye betri, na akaulinda waya kwa mpira kila unapopita kwenye bati. Besi haijapungua hata kidogo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwashauri mnunue spika katika duka lile na kazi ya nyaya mpeleke kwingine, maana spika zao ni nzuri kweli. Sasa nimekumbuka kile kicheko. Hata spika, nunueni kwingine.