Seti ya magoli manne ya bomba la plastiki, Tanga: inunue, ila usiipokee kama ilivyo

Tunazungumzia ile seti ambayo mafundi bomba wa Tanga mjini hutengeneza kwa oda: magoli manne ya bomba la nchi 2, kila moja upana wa mita 2, kimo mita 1, na mguu wa nyuma wa sentimita 80. Ukiacha mipira yenyewe, kocha wa watoto wa miaka 7 hadi 10 hana kifaa cha kumfaa zaidi ya hiki. Lakini ikitoka kwa fundi moja kwa moja hadi uwanjani, haimalizi msimu.

Kwanza, kwa nini manne na kwa nini madogo. Goli la uwanja wa Mkwakwani lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Kipa wa miaka 8, hata akiruka, hagusi mtambaa panya. Wenzake wanalijua hilo mapema: ukipiga juu, ni bao. Kwa hiyo anayefunga ni mwenye mguu mzito, na mwenye macho anabaki kutazama. Aliyeupindua mtazamo huo ni Mjerumani Horst Wein, tena mtu wa mpira wa magongo, aliyeifikisha Hispania kwenye medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mchezo wake ni watatu kwa watatu, hakuna kipa, kila timu inalinda magoli mawili na kushambulia mawili. Ujerumani imeufanya mchezo wa aina hii kuwa utaratibu rasmi wa watoto wadogo kuanzia msimu wa 2024/25.

Uwanja wa mita 30 kwa 25 unatosha. Kwenye kila mstari wa mwisho simamisha magoli mawili, mita 12 kati yake. Kisha chora mstari mwingine mita 6 mbele ya magoli. Bao halihesabiwi mpaka mpigaji awe ameuvuka. Makocha wengi huuruka mstari huu, halafu hulalamika kwamba mchezo umegeuka wa kubutua. Bila huo, mtoto mwenye nguvu anapiga tangu katikati na wengine watano wanakuwa watazamaji. Ukiwepo, mwenye mpira lazima ainue kichwa: kushoto kumejaa, kulia kweupe, anageuza. Hakuna aliyempigia kelele. Kazi ya kocha inahamia kwenye kupanga uwanja. Hawageuzi upande? Tenganisha magoli kidogo zaidi. Mmoja amejipachika mlangoni kama kipa? Mwache. Timu yake imebaki na wawili dhidi ya watatu, na goli la pili liko wazi; baada ya mabao mawili atatoka mwenyewe. (Mzazi anayepaza sauti “piga mbele!” ndiye tatizo gumu zaidi. Mpe kazi ya kuhesabu mabao.)

Sasa seti yenyewe. Bomba huuzwa kwa urefu wa mita 6, na magoli manne yanahitaji vipande vinane vya mita 2, vinane vya mita 1 na vinane vya sentimita 80. Fundi mwenye haraka hukata vipande vitatu vya mita 2 kwenye bomba moja. Msumeno unakula milimita chache kila mkato, kipande cha tatu kinatoka kifupi, na goli linakaa upande. Mwambie akate hivi: mabomba manne, kila moja litoe mita 2, mita 2, mita 1 na sentimita 80. Mabomba mawili yaliyobaki, kila moja litoe vipande viwili vya mita 1 na viwili vya sentimita 80. Jumla mabomba sita.

Elbo (viungo vya kona) ni sita kwa kila goli, yaani 24. Nunua 28. Zinazopasuka kwanza ni zile za chini mbele, kwa sababu mtoto akining'inia kwenye mtambaa panya uzito wote unaishia hapo. Na hapa ndipo kosa kubwa la seti hizi: gundi hupakwa kila kiungo. Elbo moja ikipasuka inabidi ukate bomba pande zote mbili, na goli linapungua. Gundi iwe kwenye elbo mbili za juu tu, na zipakwe goli likiwa limelazwa kwenye sakafu ya simenti, maana gundi hukamata upesi na nguzo zikipishana hazirudi. Viungo vingine vifunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kisha vuta kamba kutoka elbo ya juu hadi elbo ya nyuma, kila upande. Goli halilali tena mbele. Likifunguliwa hivyo, seti nzima inabebeka kwenye baiskeli, na Tanga baiskeli hazijawahi kuwa haba.

Wepesi wake ndio udhaifu wake msimu wa upepo wa kusi. Jaza mchanga mkavu kwenye bomba la nyuma na uzibe ncha zote mbili kwa sponji; unapata kilo 5 hivi. Ufukweni maji yakipwa, ongeza kiroba cha mchanga juu yake, kwani vigingi havishiki.

Nyavu za dukani tumezipa alama za chini. Wavu chakavu wa wavuvi, wa uzi uliosokotwa, unaopatikana kwa maelewano pale soko la samaki la Deep Sea, unadumu zaidi. Jicho la sentimita 10 linazuia mpira namba 4 na linapitisha upepo. Wavu wa dagaa hugeuka tanga la ngalawa. Ufunge kwa uzi wa nyavu. Vile vibano vya plastiki vikikatwa huacha ncha zinazochana vidole.

Seti ya chuma? Hapana, si kwa pwani. Kulehemu huunguza zinki inayokinga chuma, na hewa ya chumvi huanzia hapohapo kwenye maungio. Tena chuma kikimwangukia mtoto si jambo la utani. Yale ya kukunja ya kitambaa ni mazuri kwa darasa la ndani, basi.

Jua nalo hulifanya bomba kuwa gumu na la kuvunjika, kwa hiyo paka rangi nyeupe na uhifadhi kivulini. Na vile vipande viwili vya mita 2.4 vinavyobaki kwenye mabomba mawili ya mwisho, usimwachie fundi: ndio mtambaa panya wako wa akiba.