Masomo Saba au Manane katika KCSE?

Mwanafunzi wa Kenya anapoingia kidato cha tatu hulazimika kupunguza masomo atakayotahiniwa katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa sekondari, na hapo mjadala wa saba au manane huzuka upya. Saba ndiyo idadi ya chini inayokubalika, na wastani wa alama hukokotolewa kwa masomo saba vilevile: tangu mwaka 2023, Hisabati, lugha moja, na mengine matano aliyofanya vizuri zaidi.

Kwa usalama wa matokeo, manane yana nguvu, kwani Historia ikimwendea vibaya, Biashara huweza kuziba pengo. Vilevile, anayetaka Fizikia, Kemia na Biolojia, pamoja na somo moja la jamii, juu ya masomo matatu ya lazima (Hisabati, Kiingereza na Kiswahili), hana nafasi ya Kilimo wala Kompyuta akibaki na saba.

Kwa upande wa muda, saba hushinda waziwazi, na nadhani jambo hili hupuuzwa mno. Kilimo, kwa mfano, kina mradi wa vitendo: ukiwa wa mazao, shamba litatayarishwa, mbegu zipandwe, magugu yapaliliwe na kumbukumbu zitunzwe, kazi isiyoweza kurundikwa katika juma la mwisho.

Anayehangaika na Hisabati, somo lisiloepukika katika wastani, ningependa saa hizo azitumie kuiokoa. Aliye imara katika masomo ya lazima, lakini hajaamua baina ya uhandisi na biashara, ana sababu nzuri ya kubeba manane, mradi shule yake iwe na mwalimu wa kudumu wa somo hilo la ziada.