"Surprisingly" au "actually": lipi limfae mzungumzaji wa Kichina?

Mzungumzaji wa Kichina hudokeza mshangao kwa "jingran" au "juran", maneno ambayo aghalabu hukaa baada ya kiima na kabla ya kitenzi. Akijifunza Kiingereza hujiuliza: atumie "surprisingly" au "actually"?

Kwa upande wa nafasi katika sentensi, "actually" ni jepesi zaidi, kwa kuwa "He actually won" hufuata mpangilio uleule aliouzoea, ilhali "surprisingly" aghalabu hutangulia sentensi nzima na kufuatwa na mkato: "Surprisingly, he won."

Kwa upande wa uwazi, mambo hugeuka. "Actually" limebebeshwa kazi nyingi mno; likiwekwa mwanzoni, "Actually, he won", msikilizaji hudhani anasahihishwa, kazi ambayo katika Kichina hufanywa na neno "qishi", na mshangao wote hupotea. Hata likikaa katikati hutegemea sana mkazo wa sauti, ambao maandishi hayana. "Surprisingly" halina utata huo, tena hukaa vizuri mbele ya kivumishi, kama katika "surprisingly cheap", ingawa katika mazungumzo ya kawaida husikika zito kidogo.

Kuhusu adabu, yote mawili yana mtego, kama ilivyo kwa "juran" lenyewe: kumwambia mwenzako "You actually passed" ni kumdokezea kwamba hukutarajia afaulu.

Anayeandika ripoti au insha ya mtihani atafaidika zaidi na "surprisingly". Anayepiga soga na wenzake, mradi awe amekwisha kuuzoea mkazo wa Kiingereza, "actually" litamtosha.