Kitabu cha mifupa nilichouziwa eti cha mwaka 1543

Nianze na bei, maana ndiyo iliyonichekesha pale dukani: laki tatu na nusu. Ni duka la vitabu vya mitumba hapahapa Moshi, jina nalihifadhi. Kijana alikishusha kutoka rafu ya juu kabisa, kimeviringishwa gazeti, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto.

"Shikamoo mzee wangu. Hiki ni cha 1543, mwaka wenyewe umeandikwa ndani. Wazungu wanakinunua kwa mamilioni ya dola."

Kuhusu dola hakudanganya. Kitabu anachokisema kipo kweli: De humani corporis fabrica, yaani kuhusu muundo wa mwili wa binadamu, kazi ya Andreas Vesalius, daktari mzaliwa wa Brussels aliyefundisha upasuaji Padua, Italia. Kilichapwa Basel, Uswisi, na Johannes Oporinus mwaka 1543, mwandishi akiwa na miaka 28 tu. Michoro yake ni zaidi ya 200, ilichongwa kwenye mbao huko Italia, kisha mbao zenyewe zikavushwa milima ya Alps hadi kwa mchapaji. Nakala aliyopewa mfalme Karl V, iliyopakwa rangi kwa mkono, iliuzwa mnadani New York mwaka 1998 kwa zaidi ya dola milioni 1.6.

Ila mimi najalidi vitabu mwaka wa 22 huu. Nilikifungua katikati, nikautazama mgongo. Gundi tupu.

"Kijana wangu, hiki kimebandikwa. Enzi hizo vitabu vilishonwa kwa uzi."

"Labda kilifanyiwa sevisi, mzee."

Nikapitisha kidole nyuma ya ukurasa. Karatasi ya zamani ya matambara ililoweshwa kidogo kabla ya kubanwa kwenye mashine, kwa hiyo herufi na mbao ziliuma, na ukipapasa unahisi vijibonde. Hapa pako laini kama kalenda ya benki. Nikainua ukurasa mmoja dhidi ya mwanga wa mlangoni nitafute ile mistari inayoachwa na waya za kichujio cha karatasi. Hakuna. Halafu maelezo ya chini ya picha ni ya Kiingereza, ilhali Vesalius aliandika Kilatini. Ni chapa ya kisasa ya ofseti, jalada laini, ya kumfaa mwanafunzi.

Kijana hakukata tamaa. Pembezoni mwa ukurasa mmoja kuna mtu kapiga hesabu za kuzidisha kwa kalamu ya bluu. "Maandishi ya mkono yanaongeza thamani," akasema. Hapo nilitamani kumpa soda, maana bila kujua alikuwa amegusa penyewe. Mwaka 2024 iliuzwa nakala ya toleo la pili, la 1555, kwa zaidi ya dola milioni 2, na kilichoipandisha ni wino wa Vesalius mwenyewe: alikuwa akijisahihisha pembezoni, akijiandaa kwa toleo la tatu ambalo halikutoka. Nakala zilizosalia za matoleo hayo mawili zinapita 700, kwa hiyo umri peke yake haukufikishi huko. Wanunuzi wanauliza kimepita mikononi mwa nani, jalada ni la lini, kurasa zimetimia? Hesabu za kalamu ya bluu haziulizwi.

Tulimalizana kwa elfu arobaini. Kwa bei hiyo sina lawama kwa kitabu, lawama ni kwa gundi tu: siku ya tatu mgongo ulipasuka na kurasa zikaanza kudondoka kama majani ya mgomba uliokauka.

Kudondoka huko kukanipa nisichokitarajia. Wale watu wa kwenye michoro, waliochunwa ngozi, wenye misuli nje, kila mmoja amesimama mbele ya vilima, magofu na miti. Nilizitandaza kurasa sakafuni nikawa nazihamisha huku na huku, mara kilima cha huyu kikaendelea kwenye ukurasa wa mwenzake. Mchongaji alichora nchi moja, akaigawa. Binti mmoja wa udaktari aliyekuja kuchukua tasnifu yake alichuchumaa nami zaidi ya nusu saa. Nikamweleza kwamba kabla ya Vesalius vitabu vilimfuata Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki, vikisema taya la chini ni mifupa miwili.

"Kwani huyo alikuwa anatazama nini?"

"Nyani na nguruwe, mwanangu."

Kinachoniuma ni zile mbao. Zilidumu karne nne, mwaka 1934 zikachapwa tena zikiwa bado nzima, kisha mabomu ya Vita vya Pili yakaziteketeza Munich. Mtu wa kazi yangu akisikia hivyo anakaa kimya kidogo.

Kukishona upya nimeghairi. Kurasa moja moja hushonwa pembeni, na uzi ungekula upana wa kidole kizima cha vilima. Nimezilaza kwenye boksi la kadibodi. Ukurasa mmoja tu nimeutundika, juu ya mashine ya kukatia karatasi: mifupa mitupu imeegemea koleo, uso juu, kama mzee aliyemaliza kupalilia kahawa na hajalipwa. Wateja wawili wameshaniuliza kama siku hizi nauza na majeneza.